Ukitoka, Jumlisha Sita

Shule ilipofungwa mwezi uliopita nilishukia Muthurwa, nikiwa na sanduku langu la bati na njaa ya asubuhi nzima. Kando ya ukuta wa zile nyumba tulizokuwa tukikaa zamani kulikuwa na mama anauza njugu za kukaanga. Nikanunua kikopo kimoja. Akakunja karatasi ikawa pembe, akamimina, akanipa. Nilikuwa nimekwisha kula nusu ndipo nikaiangalia ile karatasi. Ilikuwa na mstari wa wino wa zambarau unaopanda na kushuka, kilima na bonde, kilima na bonde, na juu ya mstari kulikuwa na tarakimu ndogo za penseli. Saba zake zilikuwa na kijiti katikati. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika saba namna hiyo, nilipokuwa darasa la saba.

Nilisimama pale hadi mama wa njugu akaniuliza kama zimeungua.

Mimi, rafiki yangu, si mtu wa kusema. Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kuniambia kwamba nikiitwa jina darasani najikunja kama jani la kifaurongo likiguswa. Lakini kuandika naandika, tangu nikiwa mdogo, katika madaftari ya shule niliyobakiza kurasa. Hili nimelianza mara nyingi kwa miaka mitano, na kila nikifika mahali fulani nafunga daftari, naenda kuteka maji hata kama mtungi umejaa. Leo nitajaribu kupita hapo mahali.

Nyumba zetu zilikuwa safu ndefu za matofali, chumba kimoja kwa kila familia, na nje kijibaraza cha kuweka jiko. Bomba lilikuwa moja kwa safu nzima, na choo ukienda unabeba kopo lako. Asubuhi moshi wa makaa ulitanda chini chini kama shuka, na huko nyuma ya ukuta mabehewa yalikuwa yakigongana tangu alfajiri, ga, ga, ga, hata mtu aliyetoka mashambani akija kulala kwetu aliamka akiuliza ni nani anapigana. Sisi hatukuyasikia tena. Tuliyasikia siku yaliponyamaza.

Mama yangu na wadogo zangu walikuwa nyumbani, huku magharibi, wakilima pamoja na nyanya yangu. Mimi nililetwa Nairobi kwa sababu ya shule, na kwa sababu baba alihitaji mtu wa kumpikia. Basi nilijua mapema kusonga ugali wa watu wawili, kuosha omena mara tatu ili mchanga utoke, kukata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi. Mwaka ninaousema ni ule maziwa ya bure yalipoanza kuletwa shuleni, yale ya pakiti za pembe tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na akinituma kitu alinituma kwa heshima, kama mtu anayemtuma mkubwa wake.

Baba alikuwa karani wa bahari. Ndivyo nilivyozoea kusema, na watoto wa safu yetu walicheka hadi wakakaa chini. Nairobi na bahari wapi na wapi. Walimwita Buda wa Bahari, na akipita na kofia yake na mkebe kwapani, mmoja alikuwa akiniuliza, "Niaje, fathe wako ameleta samaki, ama bahari imemwagika kwa gari?" Niliingia ndani nikakoroga uji.

Lakini ilikuwa kweli. Kule bandarini, baba alinieleza, kuna kibanda kidogo kimejengwa juu ya maji. Ndani yake kuna bomba refu lililosimama hadi chini baharini, na ndani ya bomba kuna boya. Maji yakipanda boya linapanda, yakishuka linashuka, na uzi uliofungwa kwenye boya unavuta kalamu. Kalamu inakaa juu ya karatasi iliyozungushiwa pipa dogo, na pipa linazungushwa polepole na saa. Basi mchana na usiku, watu wakiwa macho au wamelala, bahari inajichora yenyewe. Kila Jumanne karatasi za juma zima zilifika kwa gari la moshi, zimeviringishwa ndani ya mkebe wa bati. Baba alizipokea stesheni, akasaini, na nyingine akaja nazo nyumbani. Ukifungua mkebe kulikuwa na harufu ambayo mimi sikuwa na jina lake. Baba alisema ndiyo chumvi.

Kazi yake ilikuwa kupima, kwa kila saa ya kila siku, maji yalifika futi ngapi, na kuandika kitabuni. Kisha kwa vitabu vya miaka ya nyuma alisema mambo ya mbele: mwezi ujao, tarehe fulani, maji yatajaa saa fulani na kupwa saa fulani. Karatasi hizo zilitumwa pwani kwa watu wa vivuko, wa mashamba ya chumvi, na wajenzi wa magati. Na kila mwaka ulipokwisha alitafuta wastani wa mwaka mzima, akaweka nukta moja kwenye karatasi ya miraba aliyoibandika ukutani juu ya kitanda chake. Nukta zilikuwa kumi na moja. Alisema ipo siku mtu atataka kujua kama bahari imepanda au imeshuka, na siku hiyo mtu huyo hatauliza samaki, atauliza karani.

Na baba mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Kila likizo ilipokaribia alisema mwaka huu tutapanda treni, mimi na yeye, tukaone kile kibanda. Kila likizo ilipofika ilikuwa ni paa la nyanya, au karo, au mazishi.

Aliyekuwa akimtania kwa hilo ni jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa pwani ambaye mumewe alikuwa gadi wa gari la mizigo. Alivaa leso mbili hata siku za baridi ya Julai, na asubuhi alikaanga mahamri kwa tui la nazi aliloletewa na mumewe, harufu yake ikapita safu nzima ikiamsha watu bila kubisha hodi. Alikuja kwetu kuazima kiberiti, akamkuta baba ameinamia mstari wa zambarau.

"Shemeji," alimwambia, "unamwandikia barua mwanamke usiyemjua hata sura."

"Lakini yeye hunijibu kila Jumanne," baba akasema.

Jirani hakujua kusoma maandishi ya shule, alisoma yale ya chuo cha Kurani tu, na hakuhitaji karatasi za baba hata kidogo. Alitoka nje, akatazama mwezi juu ya mapaa, akakuambia kwao maji yako wapi. Alinifundisha nikiwa nimekaa naye tukipepeta unga. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana, hadi kina mama wanatembea kwenye miamba wakitafuta pweza. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Na alikuwa na msemo wake aliotoka nao kwa bibi yake: mwezi mpevu, saa kumi bahari iko mlangoni. Baba alipousikia alikwenda akaufungua kitabu, akahesabu, akarudi akitikisa kichwa. Saa kumi, jioni na alfajiri, ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Ofisi nzima, alisema, na huyu mama anatushinda kwa kutoka nje tu.

Sasa nakuja kwenye macho.

Nilianza kugundua baba alipomimina chai nje ya kikombe. Kisha akawa anaomba nimsomee gazeti, akisema amechoka. Kisha siku moja aliniita mezani, akanionyesha mstari wa zambarau, akauliza unapita juu au chini ya alama ya kumi. Ulikuwa wazi kabisa, hata mtoto wa nasari angeuona. Nikamwambia. Akaandika. Akauliza tena saa iliyofuata, na iliyofuata, hadi tukamaliza siku nzima, kisha akavua miwani akaifuta sana. Alikuwa amekwenda hospitali peke yake. Walimwambia ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Ofisini hakusema. Karani wa vipimo asiyeona ni kama dereva asiyeona, na nyumba ilikuwa ya kazi: kazi ikienda, nyumba inakwenda, na shule yangu ya Nairobi inakwenda nayo. Haya yote aliniambia mara moja tu, polepole, kisha akasema, "Wewe ndiwe macho yangu, mama. Mimi bado ni kichwa."

Na kichwa alikuwa nacho. Mchana ofisini aliinamia karatasi kama zamani, na zile ngumu alibeba akaja nazo. Jioni mimi nilisoma vitabu kwa sauti, yeye akafumba macho akajumlisha na kugawa, akanitajia jibu, nami nikaandika kwa mwandiko wa kuiga mwandiko wake. Kulikuwa na jambo moja tu la kuangalia. Vitabu vya ofisi vilihesabu saa kwa Kizungu, ambapo siku inaanza usiku wa manane. Baba kichwani mwake alihesabu kama alivyolelewa, ambapo siku inaanza na jua. Alisema kichwa chake kina saa moja tu, ile ya mama yake, na haina pahali pa kuweka ya pili. Basi tukawa na sheria: ukiingia ondoa sita, ukitoka jumlisha sita. Kitabu kikiandika 10 asubuhi, mimi nikimsomea nasema saa nne. Yeye anaongeza dakika zake, kwa kuwa maji hayafiki kila mahali pamoja, ananiambia saa nne na dakika ishirini, nami nikishika kalamu najumlisha sita, naandika 10.20. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni na kuvivaa tena. Baada ya miezi miwili niliifanya bila kufikiri.

Na sita si kitu kidogo kwa bahari. Maji huchukua karibu saa sita kutoka kujaa hadi kupwa. Mtu akikosea kwa nusu saa, amekosea kidogo. Akikosea kwa saa sita, amegeuza bahari chini juu.

Jumatano moja baba alikuja na kazi ya haraka. Kuna mahali pwani, kwenye hori dogo, walikuwa wanajenga ukuta wa kuzuia maji yasile kijiji, na mafundi, wengi wao watu wa bara, walitaka karatasi ya mwezi mmoja ya pale pale walipo. Vitabu vya bandari vilikuwepo, ilikuwa ni kuongeza dakika tu. Tulikaa mezani baada ya kula. Na siku hiyohiyo, rafiki yangu, gari la sinema lilikuwa limekuja kiwanjani, lile lililotangaza sabuni na kuonyesha picha za bure kwenye shuka kubwa jeupe. Katika safu yetu kulikuwa na msichana mmoja, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, ambaye kila mtu alitaka kutembea naye. Hakuwahi kuniita. Siku hiyo akasimama mlangoni kwetu, akanong'ona, "We, sinema inaanza. Utakaa hapo na buda wako hadi lini?"

Baba hakumsikia, au alijifanya. Alikuwa anataja saa. Mimi niliandika, na kila nilipoandika nilimwona yule msichana akipiga mguu chini. Sikumbuki ni mstari wa ngapi. Najua mwanzo wa ukurasa ni sahihi, siku nne au tano za kwanza. Kutoka hapo niliandika nilichosikia, kama kilivyotoka kinywani mwa baba. Nilitoka mbio, nikakaa kwenye nyasi katikati ya wasichana wengine, na nilicheka kila walipocheka. Nilirudi nikiwa na furaha mpya mwilini, kama nguo ya Krismasi.

Asubuhi baba aliondoka na karatasi, akaacha nakala ya kaboni juu ya meza kama kawaida. Jioni, nikiwa nasonga ugali, akaniambia jana niliandika kwa kasi, kalamu ilikuwa inakimbia, hebu nimsomee nakala, hata siku moja mbili. Karatasi yenyewe ilikuwa bado kwenye trei ya mkubwa wake, itatiwa posta Ijumaa alasiri. Alisema hivyo, nakumbuka, kwa sauti ya mtu anayejua bado kuna wakati. Jirani alikuwa amekuja na sahani ya mahamri, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Tusomee siku ya mwezi mpevu," baba akasema. "Hapo jirani atatusahihisha."

Nikapangusa mikono, nikaichukua nakala. Safu ya kujaa ilisema 10.30. Safu ya kupwa ilisema 4.20. Nikaona. Sikuwa nimejumlisha sita; kujaa kulitakiwa kuwa 4.30. Kama ningefuata sheria yetu ningeondoa sita, ningesema maji kujaa saa nne na nusu, na baba angeruka kitini, na jirani angecheka hadi leso imwanguke, na Ijumaa asubuhi karatasi ingeandikwa upya. Ndiyo hiyo tu iliyotakiwa.

Nikasema, "Maji kujaa, saa kumi na nusu."

"Saa kumi bahari iko mlangoni," jirani akasema. "Sawasawa kabisa."

Baba alitabasamu. Akaniambia macho yake hayajawahi kuwa mazima namna hii.

Hapa ndipo huwa nafunga daftari.

Usidhani niliogopa kupigwa. Baba hakuwahi kuninyooshea hata fimbo ya kufukuza kuku. Ilikuwa ni aibu. Niliona uso wake ukisubiri, na jirani akinitazama kwa kunipenda, na nikaona haya kuwa mtu aliyekimbilia sinema. Nilijiambia wakubwa ofisini huangalia. Nilijiambia kesho asubuhi nitasema. Asubuhi alitoka mapema. Ijumaa jioni nilimuuliza kama karatasi imekwenda, akasema imekwenda, nikasema sawa, nikaenda kuosha sufuria. Kumbe mkubwa wake alikuwa ameacha kuangalia kazi ya baba siku nyingi, kwa kuwa haikuwahi kuwa na kosa.

Zilipita wiki tatu na zaidi, mwezi ukawa mpevu juu ya mapaa yetu, nikauangalia kwa kuibia. Baada ya siku chache, saa ya chakula cha mchana, nilitoka shuleni nikamkuta baba nyumbani, amekaa kitandani na kofia kichwani.

"Mama," akasema, "kuna mtu amekwenda na maji."

Barua ilikuwa imetoka pwani. Siku ya mwezi mpevu mafundi waliteremka saa nane mchana kupanga mawe chini kabisa ya ukuta, kwa kuwa karatasi ilisema maji yanapwa na yataendelea kupwa hadi jioni. Mwanamke mmoja wa pale aliyekuwa akitoka kwenye miamba na ndoo yake aliwaambia, tokeni, maji yanajaa, leo ni bamvua. Msimamizi akamwonyesha karatasi. Akamwambia hii imetoka Nairobi. Maji yalichukua mbao na saruji yote. Watu walipanda ukuta wakatoka, isipokuwa fundi mmoja wa mawe, kijana wa kutoka bara, asiyejua kuogelea, aliyerudi kuchukua nyundo na timazi yake. Barua ilisema hajaonekana.

Mkubwa wa ofisi alimwita baba, akamwekea nakala mbele, akamwambia soma. Baba aliitazama kwa muda. Kisha akasema hawezi kuisoma, na kwamba amekuwa hawezi kwa karibu mwaka, na kwamba mwandiko ule ni mkono wake mwenyewe. Wote wakaelewa, au wakadhani wameelewa: kipofu ameandika asichokiona. Hawakumfanyia ubaya zaidi ya uliolazimu. Walimpumzisha, wakampa hadi mwisho wa mwezi kuihama nyumba.

Haya aliniambia akiwa ameangalia mlango. Hakuniuliza kitu hata kimoja. Aliomba chai. Nikachemsha, nikasahau majani, akanywa maji ya moto na maziwa hadi mwisho, akasema ahsante mama.

Jirani alitusaidia kufunga mizigo. Alikaa sakafuni akikunja nguo zetu, na mara moja tu alizungumzia jambo lile, si kwangu wala kwa baba, kama anaiambia nguo aliyoshika. Alisema bahari haidanganyi mtu, watu ndio huipa maneno. Mimi nilikuwa nimeshika ile nakala ya kaboni. Nikaitia ndani ya daftari langu, daftari ndani ya sanduku. Baba aliniomba nibandue karatasi ya nukta iliyokuwa ukutani, lakini gundi ilikuwa imeshikana na rangi, ikachanika katikati, nukta tano zikabaki Muthurwa na sita zikaja nyumbani. Vitabu na karatasi za zambarau vilirudishwa ofisini. Vilikuwa mali ya ofisi.

Nilimaliza darasa la saba huku kijijini, nikapita, nikaitwa shule ya bweni. Sasa niko kidato cha tano. Katika likizo zote hizo nilikuwa nimemsomea baba mambo mengi, magazeti, Zaburi, barua za karo, na sikuwahi kusoma lile moja.

Basi pale Muthurwa nilimuuliza mama wa njugu karatasi ameitoa wapi. Akanionyesha gunia. Alisema ofisi fulani mjini ilitupa mizigo na mizigo yake, mtu wa karatasi kuukuu akaokota, yeye akanunua kwake, na ni karatasi nzuri, haiingizi mafuta. Nyingine ameshafungia watu tangu Pasaka. Nikakaa chini kwenye vumbi na sare yangu nikatafuta. Alinivumilia. Nilimpa magazeti yote niliyokuwa nayo na daftari zangu za hesabu za muhula, naye akaniachia vipande vyote vya zambarau nilivyoviona, kumi na vinne. Nyuma yetu nyumba yetu ya zamani ilikuwa na pazia jingine. Jirani alikwisha kurudi kwao mumewe alipostaafu, na hakuna aliyejua ni kwao wapi. Ukutani, bila shaka, wamepaka rangi juu ya zile nukta tano.

Nyumbani nilikuta mahindi yamekaukia shambani yakiwa urefu wa goti. Mwaka huu ni wa unga wa njano, ule wa kupangia foleni, ambao nyanya anasema hata kuku wanauangalia mara mbili. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukutani, upande wa jua. Haoni tena hata mwanga wa taa. Nilimwekea vile vipande mkononi. Akavinusa kwanza. Kisha akapitisha kidole juu ya mstari, ingawa wino hauna kimo, akafuata kilima na bonde kama mtu anayeukumbuka uso wa mtu.

"Vingine viko wapi?" akauliza.

Nikamwambia vimefungiwa njugu. Akasema sasa yule atakayekuja kuuliza kama bahari imepanda, ataambiwa nini.

Nikafungua sanduku, nikatoa daftari, nikatoa nakala. Kaboni ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Nilimwambia baba nataka kumsomea kitu. Akaweka mikono magotini, kama pale mezani.

"Siku ya mwezi mpevu," nikasema. "Maji kujaa, saa nne na nusu."

Kuku walikuwa wanaparuaparua. Nyanya alikuwa jikoni akikohoa moshi.

"Jumlisha sita, mama," baba akasema.

Nililia, nami si mtu wa kulia mbele ya watu. Aliniacha nilie. Baadaye akaniambia alijua tangu siku ya barua. Masikio yake yalisikia saa kumi, jirani akasema sawasawa, na karatasi, kwa saa yetu, ilisema nne. Aliyesimama katikati alikuwa mmoja tu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na yeye alikuwa na miaka hamsini na siri.

"Kosa la kuandika ni langu," akasema. "Nilikupa kazi ya mtu mzima ili nifiche macho yangu. La kusoma ni lako. Hilo siwezi kukubebea, nimejaribu."

Nikamuuliza kama yule fundi alionekana. Akasema aliandikisha barua mbili kwa mwalimu wa hapa kijijini, akazituma pwani, na hazikujibiwa. Hajui hata jina. Anajua tu alikuwa na nyundo na timazi, na kwamba alikuwa mtu wa bara, kama sisi, aliyeamini karatasi.

Tulikaa. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa mto usio na maji. Baba akauliza leo mwezi una siku ngapi, nikamwambia usiku utatoka mpevu. Akauliza saa. Nikaenda kuangalia saa ya ukutani, ile ya ofisi waliyompa alipoondoka, nikarudi nikamwambia saa kumi na dakika tano.

Akageuza uso kuelekea mashariki, juu ya mahindi yaliyokauka.

"Sasa maji yamefika ukutani kule," akasema.